Chokaa Juu ya Masizi

Jumatatu, 3 Februari

Uji wa saa nne, kikombe cha bluu, kama kawaida. Mama Anjela huniwekea pembeni kabla watoto hawajapanga foleni. Hanaga haja ya kuniita, najua kilipo.

Leo alikohoa sana akipakua. Anageuza uso ukutani, anakohoa, anarudi kwenye sufuria. Macho mekundu. Kuni za wiki hii mbichi, mkaratusi mtupu, moshi mwingi kuliko moto. Desemba alinionyesha cheti cha daktari: akae mbali na moshi, mapafu yamechoka. Sasa mpishi wa shule atakaaje mbali na moshi? Nilimwambia avumilie kidogo, Sista ameshaiomba bodi jiko la gesi. Akasema sawa, Mwalimu. Kila kitu kwake ni sawa, Mwalimu.

Barua ya bodi ya shule imefika. Wanakuja Alhamisi ya wiki ijayo, watu saba, Padri Mwenyekiti akiwaongoza. Watatembelea madarasa, mabweni na jiko. Sista Konsolata, mkuu wa shule, bado yuko hospitalini mjini Moshi na goti lake. Kwa hiyo mwenyeji ni mimi makamu. Mlutheri wa Poli, niwapokee wakubwa wa Kanisa Katoliki! Nimecheka peke yangu ofisini. Halafu nikaogopa.

Jumanne, 4 Februari

Nimempigia Sista. Sauti iko chini lakini akili iko palepale. Kanipa maagizo mawili. Mabweni yafagiliwe. Jikoni nisiguse kitu.

"Waache waone, Mwalimu Mbise. Nimewaandikia mara mbili. Barua haina moshi."

Nikasema sawa, Sista.

Sikukubaliana naye. Masista wanasali sana, dunia hawaijui.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeingia jikoni nikajifanya mgeni. Aibu tupu. Kuta nyeusi tii, kenchi za paa nyeusi, utando wa buibui umebeba masizi unaning'inia kama kamba. Dirisha moja, dogo. Miaka kumi na mmoja napita pale kuchukua uji na sikuwahi kuinua macho.

Bodi iingie humu? Waseme Mbise aliachiwa shule wiki sita ikawa hivi? Wanatafuta mkuu wa ile shule mpya ya sekondari, na jina langu limeshatajwa, nimesikia. Sitaki kujidanganya kwamba siliwazi hilo.

Lakini si hilo tu. Nani humpa mtu mchafu kitu kizuri? Marehemu mama yangu mgeni akitarajiwa alianza kufagia jana yake, kuanzia uwanjani mpaka kwenye kijia cha migombani. Alisema mgeni akikuta pasafi anajua hata akikupa kitu utakitunza. Ndivyo nilivyolelewa. Ukitaka jiko la gesi, onyesha kwamba hata la kuni unaliweza.

Nimeamua. Chokaa.

Jumamosi, 8 Februari

Mafundi wawili kutoka Sombetini, tangu saa moja asubuhi. Mkono wa kwanza, masizi yakapenya, ukuta ukawa wa njano. Mkono wa pili, vilevile. Wa tatu ndio ukatulia. Wamepaka na mawe ya njiani.

Mama Anjela alikuja, akasimama mlangoni mikono kiunoni. Anakaa hukohuko Sombetini, nadhani mafundi ndio walimwambia. Akaniuliza, si Sista alisema paachwe? Kumbe Sista alimpigia na yeye. Nikapandisha hasira. Nilimwambia kazi yake ni sufuria, kazi ya shule aniachie mimi. Mbele ya mafundi. Mwanamke wa miaka hamsini na nane ninayempa shikamoo kila asubuhi, aliyempikia mwanangu miaka saba.

Akasema sawa, Mwalimu.

Naliandika hili ili kesho nisijisemee kwamba sikuambiwa.

Jioni nilipita mjini nikamnunulia aproni nyeupe na kofia yake. Sijui kama ilikuwa zawadi au nilikuwa nampaka chokaa na yeye.

Jumatano, 12 Februari

Mpango umekaa. Chakula cha watoto kitapikwa alfajiri, kwa kuni kavu za mgrevilia nilizoagiza kijijini kwetu Poli. Wali na nyama badala ya makande. Saa tatu moto uzimwe, majivu yatolewe, sakafu ioshwe, chakula kikae kwenye mahotipoti. Wageni wanaingia saa tano. Mtori wao wa ndizi na nyama utapikwa nyumba ya masista, kule kuna gesi.

Watoto wameimba mpaka sauti zimekauka. Mlima umetoka mawinguni jioni, kilele hadi chini. Kila kitu kilionekana kuniunga mkono. Nina furaha. Niseme tu ukweli, nina furaha.

Alhamisi, 13 Februari

Wamekuja, wameondoka. Nimechoka mpaka vidole.

Madarasa vizuri. Mabweni vizuri. Jikoni wakaingia wote saba, mmoja akasema hapa hata harusi ingeandaliwa. Nikacheka kwa heshima. Mama Anjela alikuwa pembeni ya sufuria tupu zinazong'aa, aproni nyeupe, kofia, mikono mbele kama mtoto wa komunyo.

Padri Mwenyekiti si mjinga. Aliangalia mafiga, akaangalia dirisha, kisha akamgeukia. "Mama, moshi haukusumbui?"

Nilijibu mimi. Hata pumzi sikumpa. "Moshi ni kidogo sana, Padri. Tumeudhibiti."

Padri akaendelea kumwangalia yeye. Na yeye akaniangalia mimi. Hakukunja uso wala kulalamika, aliniangalia tu, kama anayesubiri nimwelekeze. Kisha akasema, "Kidogo tu, Padri."

Tukatoka. Hatujafika hata kwenye bomba la maji nikasikia kikohozi kimeanza kule ndani. Alikuwa amekibana muda wote ule. Nikapaza sauti nikaanza kuwaeleza kuhusu bustani ya mboga, nikaeleza na kueleza, mpaka tukapita kona na hakisikiki tena.

Walikula mtori wakarudia.

Ijumaa, 14 Februari

Kitabu cha wageni, mwandiko wa Padri Mwenyekiti: *Shule safi. Jiko safi sana. Hongereni kwa utunzaji.*

Nimeusoma ukurasa huo mara nne. Sista nimemwambia kwa simu kwamba ziara imekwenda vizuri. Akauliza, jikoni? Nikasema waliingia, Sista. Kweli waliingia.

Uji leo sikwenda kuuchukua. Nilikuwa na kazi.

Jumatatu, 24 Februari

Barua ya bodi. Ninainakili ili niiogope vizuri.

Wanashukuru kwa mapokezi. Wanasema yupo mfadhili aliyejitolea kujenga jiko moja la gesi, na ziara zao zilikuwa za kuchagua shule yenye uhitaji zaidi kati ya mbili: sisi, na shule moja ya kule juu mlimani. *Kwa kuwa jiko lenu liko katika hali nzuri na moshi si tatizo,* wameamua liende kule.

Moshi si tatizo. Hayo ni maneno yangu mwenyewe, yamerudi kwangu yamepigwa muhuri.

Nimemfahamu mkuu wa ile shule muda mrefu. Mzembe. Hakupaka chochote. Inasemekana hata moto hakuzima, wajumbe walitoka wakifuta machozi. Nilikuwa namcheka.

Sijamwambia Mama Anjela. Nilipita mbali na jiko siku nzima, kama mtu anayedaiwa.

Jumatano, 26 Februari

Sista amerudi, anatembelea mkongojo. Hakutaka chai. Alitaka jikoni. Tulikwenda polepole, barua ya bodi ameshaisoma.

Wiki mbili tu, na juu ya mafiga chokaa imeshageuka kahawia. Alisimama pale moshi ukimpita. Mama Anjela alimletea kigoda, wakashikana mikono, wakasalimiana kwa Kichaga, muda mrefu, mimi nimesimama tu. Nadhani ndipo Sista alipomwambia kuhusu barua. Mama Anjela alitikisa kichwa taratibu, akaenda kugeuza maharage.

Ofisini Sista akaomba kitabu cha wageni. Akasoma. Akakifunga.

"Wameona ulichowaonyesha, Mwalimu."

Basi. Angenigombeza ningepata hata pa kujitetea. Nilikuwa nimeandaa maneno yote, kuhusu usafi, kuhusu mama yangu na ufagio wake. Nimerudi nayo nyumbani Elerai yote, mazima.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Anjela ameanguka.

Saa moja na nusu asubuhi, akisonga ugali wa wafanyakazi. Mwiko ulimtoka, akakaa chini, akashindwa kuvuta pumzi. Msaidizi wake alipiga kelele. Tulimbeba mimi na mlinzi. Ni mwepesi! Sikujua kwamba ni mwepesi hivyo. Nguo zake zinanuka moshi mpaka ndani, shati langu nalo limeshika, linanuka hata sasa ninapoandika.

Hospitalini wamemweka kwenye oksijeni. Daktari aliuliza anafanya kazi gani. Nikamwambia. Akauliza tena, na mlijua? Cheti cha Desemba kiko kwenye faili lake.

Nikasema tulijua.

Jumamosi, 8 Machi

Atapona, si wa kufa. Lakini jikoni basi. Daktari hakumung'unya maneno: moshi mwingine na safari ijayo tusimlete kwake. Sista ametafuta kazi nyingine ya kumpa shuleni, kufua, kushona, lakini nafasi zote zina watu. Miaka ishirini na miwili ya sufuria zile. Atalipwa stahili zake, atafanyiwa na misa ya shukrani.

Angekuwa na jiko la gesi angepika mpaka astaafu kwa heshima. Nimeliandika. Lilikuwa linanizunguka kichwani tangu juzi, bora likae hapa.

Jumatatu, 10 Machi

Mpishi mpya ni binti wa miaka ishirini na sita. Anacheka sana. Hajui habari ya kikombe cha bluu. Sikumwambia.

Leo ameanza kukohoa.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada nilikwenda Sombetini. Nilichukua ndizi za nyumbani, maziwa, na kilo ya sukari. Vitu vya kupeleka kwa mgonjwa. Njia nzima nilipanga sentensi.

Vyumba viwili, uwanja umefagiliwa, kuku. Binti yake Anjela ndiye anayepika sasa, nje, kwa mkaa, na mama amewekwa upande upepo unakotoka, moshi usimfikie. Amepungua. Akajaribu kusimama kunipokea. Nikamwambia shikamoo Mama, kaa, kaa.

Aliulizia watoto wote, darasa kwa darasa. Aliuliza kama yule wa darasa la tatu asiyekula maharage anapewa mboga. Sikujua. Nilisema anapewa. Mpaka na hapo nimesema uongo, mdomo umezoea.

Mwisho nikatoa ya moyoni. Sentensi zote nilizopanga zikapotea, ikabaki moja. Mama, nisamehe.

Kuku wakapita. Nilidhani ataniambia sawa, Mwalimu, na nilikuwa naliogopa neno hilo kuliko matusi.

"Na mimi nilisema kidogo tu," akasema. "Padri aliniuliza mimi, si wewe. Ningeweza kusema. Nikaona nitakuaibisha mbele ya wageni."

Alitunza heshima yangu kwa pumzi yake.

Nilipoaga alimtuma Anjela ndani. Akaja na mfuko. Aproni ile, na kofia. Zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa pembe kwa pembe. Akasema hii ni mali ya shule, nilivaa siku ile tu, niliona nikiivaa kazini itachafuka.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi kabla ya paredi nimeitundika aproni jikoni, kwenye msumari karibu na dirisha. Binti mpishi akadhani ni yake. Nikamwambia hapana, asiiguse, aipishe tu.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua za masika zimeanza, kuni zimeloana. Jikoni kwa moshi haijulikani nani ni nani. Nimeingia, nimekaa humo mpaka makande yakaiva. Muda wa saa mbili na dakika kadhaa. Sikuweza kumaliza bila kutoka nje mara tatu. Nilipotoka binti alinicheka, akakohoa, akaendelea kucheka.

Mchana nimeiandikia bodi. Kurasa mbili, mkono wangu. Kwamba jiko waliloonyeshwa halikuwa jiko letu. Kwamba mkuu wa shule aliagiza liachwe nami nikalipaka. Kwamba Padri alimuuliza mpishi nami nikajibu, na jibu lilikuwa uongo, na mpishi huyo kwa sasa hana kazi wala pumzi. Kwamba jiko lililokwenda mlimani liende, wanalihitaji, lakini ombi letu lirudishwe mezani na jina la mpishi mpya liandikwe juu yake kabla hajaanza kuonyesha vyeti vya daktari. Kuhusu ile sekondari, wasiniweke kwenye orodha.

Sista ameisoma mara mbili akiwa amesimama, ameegemea mkongojo. Amesahihisha tarehe. Akasema Jumatatu atanisindikiza kuipeleka.

Jioni, watoto wameshakwenda bwenini, nimeitoa aproni msumarini. Siku tano. Kifuani imeshakuwa ya kijivu, mikunjo ya pasi bado inaonekana. Nimeiweka kwenye bahasha kubwa pamoja na barua. Sikuifua.