Kinyozi Aliyechagua Kiti Namba Moja

MAELEZO YA SHAHIDI

Anajulikana kama: Mama Skrini
Umri: miaka 43
Kazi: mwendesha ukumbi wa gemu; zamani fundi cherehani
Makazi: chumba cha nyuma cha ukumbi huo huo, nyuma ya soko
Yametolewa: Jumapili tarehe 15, asubuhi

Nimeletwa hapa kituoni na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye mlalamikaji. Ameniambia nimuunge mkono. Nimekuja, ila nitasema niliyoyaona.

Ukumbi ni wangu. Niliuanza na kompyuta moja kwenye kona ya chumba cha kushonea. Leo zipo kumi na mbili. Shemeji aliingia ubia mwaka huu, na mchango wake wote ni kadi moja ya grafiki, yaani kile kifaa ndani ya kompyuta kinachochora picha za gemu. Kadi zangu zina chipu moja moja ya kuchora. Yake ina mbili. Nilimwambia asinunue. Nilimwambia bora chipu moja yenye nguvu kuliko mbili za kugombania kazi, maana gemu nyingi hazikuundwa kutumia mbili, na umeme inakula karibu mara mbili. Akacheka.

"Shemeji, wewe baki na cherehani. Mbili ni mbili."

Akaifunga kwenye kompyuta ya kiti namba mbili. Tangu siku hiyo feni zake zinaunguruma kama mashine ya kusaga, na kwa joto lake wateja wanajipepea kwa kofia.

Kwenye kona ya skrini kuna namba inayoonyesha picha ngapi zinachorwa kwa sekunde. Kiti namba moja, chenye kadi yangu, kinaonyesha themanini na tano. Kiti namba mbili, mia na kumi na moja. Shemeji aliichapisha mia na kumi na moja yake kwenye bango akalibandika mlangoni. Kila mteja akataka kiti namba mbili, na kila mteja akaondoka akilaumu mikono yake.

Afande ameniuliza kosa liko wapi ikiwa namba ni kubwa. Chipu mbili hupokezana: hii inachora picha ya kwanza, ile ya pili. Zisipokwenda sawa, picha mbili zinakuja zimebanana, halafu linafuata pengo. Ipo programu inayopima hilo, na niliifungua mbele ya shemeji. Kiti namba moja, kila picha ilikuja baada ya milisekunde kumi na mbili hivi. Kiti namba mbili ilikuwa tatu, kumi na tano, tatu, kumi na tano. Wastani wake ni tisa, na hiyo ndiyo mia na kumi na moja ya bangoni. Lakini mchezaji hachezi wastani. Nikikushonea suruali, afande, mishono ni mingi kuliko ya fundi mwenzangu ila hapa imebanana na pale imeachana, utathubutu kuinama nayo kazini? Shemeji aliifunga ile programu. Akasema, "Usinivunjie biashara."

Jana Jumamosi tarehe 14, saa nane mchana, tulikuwa na fainali ya mbio za magari. Zawadi ilikuwa kompyuta mpakato iliyotolewa na duka la jirani. Waliofika fainali ni Jogoo, anayeuza simu sokoni, na kinyozi wa mtaani kwetu, ambaye sasa yuko mahabusu. Kwetu tunarusha sarafu, na anayeshinda anachagua kiti. Kinyozi alishinda. Akachagua kiti namba moja.

Ukumbi mzima ulimzomea. "Kinyozi, leo umejinyoa mpaka akili?" Jogoo alikimbilia kiti namba mbili kama mtu aliyeona pochi barabarani. Nilimsogelea kinyozi nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, "Dada, kile cha pili nimeshakijaribu, kinanikata macho. Kona naiona nikiwa nimeshaipita."

Mbio zilikuwa tano, anayetangulia kushinda tatu anachukua zawadi. Kinyozi alishinda tatu za kwanza mfululizo. Katika mbio ya pili Jogoo alipiga meza akasema, "Nakata kona, gari linaruka!" Niliyasikia kwa masikio yangu, na wakati huo hakuna aliyekuwa ametamka neno wizi wa mchezo.

Ilipoisha mbio ya tatu, shemeji alipanda juu ya benchi. "Nani mwenye akili zake anaacha mia na kumi na moja, anachukua themanini na tano? Kuna kitu amekiweka kwenye mashine huyu!" Watu wakamvamia kinyozi, shati likachanika kola. Nilipaza sauti, "Mwacheni! Wabadilishane viti warudie!" Shemeji akanigeukia: "Shemeji, kaa kando, haya ni mambo ya wataalamu." Mtaalamu huyo hajawahi kufungua kompyuta asipoteze skrubu. Askari wa doria waliingia, wakamchukua kinyozi.

Walipoondoka niliikagua kompyuta ya kiti namba moja, Jogoo akiwa pembeni. Hakuna kilichoongezwa. Kinyozi hakuwahi kubaki peke yake na mashine, ufunguo wa ukumbi ninao mimi. Kisha nikamwambia Jogoo akae hapo, apite kona ile iliyomshinda. Akapita mara tatu bila kugusa ukuta. Akasema, "Kumbe nimeshindwa na kiti." Yuko nje kwenye benchi, yuko tayari kuandikisha maelezo yake.

Leo alfajiri mume wangu amenipigia simu kutoka kazini kwake. "Mama watoto, huyo ni mdogo wangu. Sema hujui, yaishe." Nimemwambia najua, na kinyozi amelala sakafuni kwa sababu ya ninachokijua. Amekata simu. Sijui nyumbani kutakuwaje.

Kinyozi hakudanganya mtu. Alichagua kiti kizuri, basi. Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, na nitayarudia popote nitakapoitwa, hata shemeji akiwa amekaa mbele yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo haya akayathibitisha. Mlalamikaji ameyasikia na anasisitiza kuendelea na shauri. Mtuhumiwa anastahili dhamana lakini hana ndugu hapa mjini. Nilipouliza ukumbini mwa kituo kama yupo wa kumdhamini, mlalamikaji alimshika shahidi mkono akimtaka waondoke. Shahidi aliutoa mkono wake akaomba kalamu. Mtuhumiwa ametoka saa tano na nusu.