Nafasi ya Kipara

Mwenzangu, uko wapi?

Unamkumbuka Kipara, dereva wetu wa ambulensi tuliyemzika juzi? Asubuhi bosi kaniambia nitoe jina lake kwenye ratiba ya zamu, ile inayoonekana kwenye skrini ya mapokezi. Nikalifuta kwenye arei, ile orodha ya majina ndani ya programu, nikaendelea na mambo yangu.

Nikasahau, mimi! Kwenye PHP, lugha niliyoiandikia hiyo programu, ukifuta kitu katikati ya arei, vilivyo chini yake havisogei juu. Nafasi inabaki wazi.

Mchana mkewe kaja kuchukua koti la marehemu. Kasimama mbele ya skrini. Majina ya madereva, halafu mstari mtupu, halafu majina tena.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kanishika mkono, eti, "Mmemwachia nafasi yake. Asante, mwanangu."

Asante! Kwa uzembe wangu!

Nikaitikia tu, "Ndiyo, mama."

Sasa bosi anataka nizibe hilo pengo kabla sijatoka. Ni mstari mmoja tu wa kuandika, majina yote yanapanda. Nauandika, naufuta.

Mama wa watu bado amekaa pale mapokezi, koti mapajani, anaangalia skrini.