Mahindi Kwenye Malka

Jumapili, 3 Agosti 1958

Nimepewa mimi! Bwana misheni kaniita baada ya ibada, mbele ya Philemon na mbele ya kila mtu: Mwalimu Rosina, somo kuu la mkutano wa vijana utalitoa wewe. Tarehe 24, hapa hapa kijijini Wema. Kijana Mkristo, vita na amani. Wageni watatoka makanisa ya mtoni, juu na chini. Mambo yakienda vizuri, Januari napelekwa chuo cha ualimu pwani. Philemon alicheka kwa meno tu. Yeye ndiye mwenyekiti wa vijana, alidhani somo ni lake.

Akauliza kama tutagusa na habari ya haki — wale wafungwa wa vita vya bara wanaopitishwa kwa malori kwenda kuchimba mifereji kule juu. Bwana misheni akasema haki tuiache mwakani.

Mahindi ya vijana yamenipita kichwa, yameshabeba. Wote wanayasifu, na wote wanajua nani aliyechagua mahali. Mwezi wa tano, maji ya mto yalipopungua, niliwaambia tulime pale kwenye malka, njia ambayo Waorma hushushia ng'ombe kwenda kunywa. Miaka na miaka ng'ombe wameinyea ile ardhi — udongo mweusi tii! Wenyewe walikuwa mbali na mifugo yao. Hakuna aliyeuliza watarudi lini.

Alhamisi, 7 Agosti

Wamerudi. Jarso na wazee wawili, wamekuja kuongea na komiti ya vijana.

Jarso ni mume wa Gumato. Gumato na mimi tumenyonya ziwa moja — mama yangu alipougua, mama yake alininyonyesha miezi minane. Kiorma nimekijulia kwao. Kwenye komiti hakuna mwingine anayekijua, na Jarso Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi. Kwa hiyo mkalimani ni mimi.

Jarso hakutukana mtu. Alisema ng'ombe wana siku tatu bila maji. Malka ya pili iko chini, lakini huko unapitia bwawani, na ng'ombe aliyekonda akiingia tope hatoki. Akasema: tupeni kijia katikati ya mahindi, upana wa ng'ombe wawili. Watu wangu watasimama huku na huku na fimbo, halitaliwa hata jani.

Ni haki tupu. Nilijua ni haki. Lakini katikati ndiyo mistari niliyopanda mimi, ndiyo atakayoonyeshwa Bwana misheni pamoja na wageni.

Philemon: anasemaje?

Anataka tung'oe mahindi yote, nikasema.

Komiti wakang'aka. Philemon akasema haiwezekani, waambie wangoje tuvune, na sisi tutawaombea. Nikamgeukia Jarso nikamwambia kwa Kiorma: wamekataa, hata kijia hawatoi.

Alinitazama. Akauliza: wote? Nikasema wote.

Basi. Wakaondoka. Jioni nimekula vizuri tu.

Jumanne, 12 Agosti

Komiti tena. Vijana wanaogopa ng'ombe wataswagwa juu ya mahindi kwa nguvu. Lakini mwaka jana wote waliapa kanisani kutoshika mkuki. Philemon kapata dawa: mitego ya kiboko! Mashimo, vigingi vilivyochongwa ndani, majani juu. Eti mtego si silaha kwa sababu haushikwi mkononi. Halafu akaniuliza mimi, mwenye somo la amani, kama kuna dhambi hapo. Wote wananitazama.

Nikasema kiboko ni kiboko.

Likaandikwa kwenye daftari: mashimo manne, ya kiboko. Mchana wamechimba huku wanaimba nyimbo za kanisa, sauti zote nne.

Gumato hupita hapo hapo akiniletea maziwa. Lazima nimwambie. Lakini kumwambia Gumato ni kumwambia Jarso, na Jarso akijua, yote yatazungumzwa upya, hata maneno ya siku ile. Nitaona.

Jumamosi, 16 Agosti

Tangu siku ile ng'ombe wa Jarso wananyweshwa malka ya chini, wanapitishwa bwawani. Kumi na mmoja wamezama. Philemon kaleta habari anapiga makofi — Mungu anatupigania! Nilicheka pamoja nao.

Somo limefika jambo la nne: Mkristo hamtakii jirani yake hasara. Mwandiko umenyooka kweli.

Gumato hajaja tangu Jarso alipokataliwa. Bora asije.

Jumatatu, 18 Agosti

Homa. Nimemeza kwinini, masikio yanavuma. Siandiki.

Jumatano, 20 Agosti

Gumato kaanguka shimoni.

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Nilisikia ukelele mmoja tu, nikajua, hata kanga sijaifunga. Nilikimbia na homa yangu. Vijana walikuwa wameshafika, wamesimama ukingoni kama watu waliokuja kutazama samaki. Kigingi kimeingia pajani kikatokea upande wa pili. Kibuyu cha maziwa alikuwa bado amekikumbatia.

Akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, nadhani ili vijana wasikie: "Mimi nasikia Rosina iko na homa. Mimi naleta maziwa."

Tulimbeba hadi kitandani kwangu. Kigingi nilikichomoa mimi, Philemon alikataa kugusa. Alisimama mlangoni akasema ni mtego wa kiboko na imeandikwa. Ningekuwa na nguvu ningempiga. Halafu mimi mwenyewe ningejipiga na nini?

Alhamisi, 21 Agosti

Hospitali ya misheni ni siku nzima kwa mtumbwi. Mitumbwi ya kanisa ni mitatu, na leo yote imeondoka kuchukua wageni. Wa mwisho niliuwahi haujafunguliwa kamba. Nilimwomba Philemon. Akasema nafasi zimeshahesabiwa, mama huyu atapelekwa Jumatatu mkutano ukiisha, na tumwombee. Lori la Garsen limekwenda Malindi, halijarudi.

Sikubishana sana. Naandika ukweli hapa, kwingine siuandiki: sikubishana sana.

Jarso kaja. Kakaa sakafuni, kamshika mkewe wayo. Watu wake wako ng'ambo ya shamba na mikuki, yeye ndiye anayewazuia. Mimi kanisalimu kama zamani. Heri angenitukana.

Ijumaa, 22 Agosti

Mguu umevimba mpaka kinena, na unanuka. Nimefukiza ubani. Somo nimelimalizia hapo hapo kando ya kitanda, mambo yote sita.

Akafumbua macho akaniuliza kwa Kiorma: mashimo ulikuwa unayajua?

Nikasema nilikuwa na homa.

Akasema aa. Akanyoosha mkono akanipangusa jasho la uso. Yeye ndiye anayechemka, anapangusa langu!

Jumapili, 24 Agosti

Saa saba mchana. Nimejifungia chumba cha nyuma cha kanisa. Nje wanapakua wali.

Watu kama mia mbili. Nilisema vizuri — ee Mungu, nilisema vizuri mno. Kwenye jambo la sita akina mama walilia. Bwana misheni alivua miwani akaipangusa. Nikafunga daftari, na hapo ndipo Jarso akaingia. Hana mkuki, hana fimbo. Akapita katikati ya mabenchi mpaka mbele. Bwana misheni akaniambia: tafsiri.

Jarso akasema: mke wangu anakufa. Sikuja kudai ng'ombe. Waulize kwanza kwa nini walikataa kijia cha ng'ombe wawili. Halafu wanipe mtumbwi, leo, sasa hivi.

Philemon alikuwa amenikodolea macho. Kijia hicho hajapata kukisikia. Bwana misheni naye ananingoja, kichwa kakiinamisha upande. Mtumbwi tu ningeweza kuutaja. Kijia ningekiacha, mtumbwi nikautaja! Hilo nimekuja kulifikiria hapa, baadaye. Pale nilifungua mdomo likatoka hili:

Anasema amewasamehe.

Kanisa lilipasuka! Vigelegele, watu wanakanyagana wamfikie. Philemon alimkumbatia na machozi ya kweli yanamtoka. Bwana misheni akaanzisha wimbo. Jarso yuko katikati ya mikono yote ile, ananitafuta. Akaniuliza kwa Kiorma, polepole: wamekubali kunipa mtumbwi?

Nikasema wamekubali.

Akawapenya akatoka mbio. Wao wakazidi kuimba. Mmoja akasema nyuma yangu, mwone, furaha imemzidi.

Sasa namwona dirishani. Kamtoa Gumato kitandani kwangu, kambeba na blanketi langu mpaka mtoni. Kamlaza kwenye mtumbwi wa kwanza, naye kaingia, kashika kafi bapa juu, mpini chini. Maisha yake hajapata kupiga kafi. Anangoja mpigaji. Wageni wa makanisa ya chini, wanaowahi safari, wameshaanza kuteremka na mabegi yao — mtumbwi ule ni wao. Wanasimama. Wanatazamana.

Jarso ameniona. Ananipungia mkono, ananishukuru.

Philemon anapanda ukingo huku anaita, sauti inapita juu ya wimbo: Rosina! Rosina, njoo umwambie ashuke!