Gari Ilikataa na Byamungu Ndani

Jumapili, mwezi wa sita. Jua liko nje lakini halichomi. Upepo wa baharini unapanda mpaka huku mtaani Sydenham na kuingia kwenye magoti. Sikwenda kusali. Nimewatumia wa kanisani ujumbe kwamba Papa Shofere, ndivyo wanavyoniita, anaumwa.

Siumwi.

Bakkie yangu, hii pikapu, iko pale kwenye mteremko, pua chini, kama kila siku. Majirani wanafikiri napenda pale kwa ajili ya kivuli. Kivuli gani? Naiweka pale kwa sababu asubuhi naachia breki, inateremka yenyewe, natia gia ya pili, inashtuka, inawaka. Hiyo ni siri yangu tangu mvua za Krismasi.

Mimi shule niliiacha nikiwa bado nasoma kwa kufuata kidole, na hata haya nayaandika kwa kidole kimoja. Lakini injini ya dizeli, ya mazutu kama tunavyosema kwetu, naisoma kuliko pasta anavyosoma Mathayo. Niliendesha lori Bukavu na Uvira, ile njia ya milima ambayo ukikosea wanakuokota bondeni, na sijawahi kukokotwa. Hata mara moja. Na sisi madereva wa njia ile tulikuwa na sheria: mtu mwingine hafungui boneti yako. Akiifungua, ni kama amekufungua suruali.

Byamungu alipokufa, watu walikaa kwenye matanga wakauliza nani atambeba. Nilisimama kabla swali halijaisha. Mimi na yeye tulitoka Uvira pamoja, tukalala kwenye mipaka pamoja, na katika mji huu tulilinda maduka ya watu pamoja. Abebwe na gari ya kukodi yenye mapazia? Nikasema, siku zote alipanda mbele kwangu, sasa atapanda nyuma.

Lakini kwetu iko jambo moja, na kila mtu analijua. Gari iliyobeba maiti ikikataa kuwaka, si gari iliyokataa. Ni marehemu. Ana neno na mtu, na haendi mpaka neno lile lisemwe.

Kwa hiyo wiki nzima nililala chini ya ile gari.

Nilianza na betri, kwa sababu kila mtu anaanza na betri. Betri nzima. Nikakwangua vichwa vya nyaya, vilikuwa na ule unga wa kijani, mpaka vikang'aa. Asubuhi nikaijaribu bila kuiteremsha: nyee, nyee, nyee, moshi mweupe, nyee, ndipo ikawaka kwa kujilazimisha. Nikasema basi ni demarere, ile mota inayozungusha injini. Nikaifungua nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Jacobs. Akaipima, akasema, "Mzee, hii iko sharp, nzima kabisa. Shida iko kwingine, lete gari nione." Nikamwambia gari yangu haionwi.

Nikaenda kwenye buji, zile zinazopasha injini moto kabla ya kuwaka. Moja ilikuwa imekufa. Nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto! Nikaweka mpya. Asubuhi, vilevile. Nikasema hewa inaingia kwenye mipira inayopitisha mazutu. Nikaikaza yote. Vilevile.

Alhamisi ndipo nikafanya kitu ambacho ningekifanya kwanza kama ingekuwa gari ya mtu mwingine. Injini ikinguruma, nikafungua kifuniko cha oili. Moshi ukatoka kwa vishindo, puh, puh, puh, kama mzee anavuta kiko. Hapo hakuna ubishi. Pistoni zimelika, ringi hazibani, hewa haikandamizwi, na mazutu bila hewa ya kukandamizwa haiwaki. Hiyo haikwanguliwi wala haikazwi. Hiyo ni injini inakufa.

Nikafunga kifuniko.

Nikajiambia ni mipira tu.

Jana tukamzika. Kanisa letu liko ndani ya ghala kule Jacobs, na kule ardhi ni bapa kama meza. Mpango wangu ulikuwa mmoja: nisizime. Nikaiacha inanguruma mlangoni, nikaingia, nikakaa mbele na wazee. Katikati ya nyimbo nikasikia kimya cha nje. Nilikisikia kwa mgongo. Mama shemasi akaja kwa kunyata akanitia ufunguo mkononi.

"Papa Shofere, ulisahau gari. Moshi ulikuwa unaingia kwa watoto. Nimekuzimia."

"Aksanti, mama," nikasema. Nilitabasamu, hata.

Ibada zetu hazina haraka. Kila aliyewahi kula na Byamungu alitaka kutoa ushuhuda. Injini ikapoa kabisa.

Tukampakia. Nikazungusha ufunguo. Nyee, nyee, nyee. Tena. Tena. Betri ikaanza kuchoka na nyimbo zikaanza kukatika. Mama Furaha, mjane wake, akaja nyuma ya gari akaweka kiganja kwenye jeneza. "Byamungu, unakataa nini? Uko na neno na nani?"

Macho yote yakaenda kwa Furaha, binti yao. Furaha alikwenda Pinetown kukaa na kijana ambaye hajaja kujitambulisha nyumbani, na baba yake hakupokea tena simu zake mpaka amekufa. Mama mmoja akasema, wala si kwa sauti ndogo, "Si huyo hapo? Baba akiwa hai hakuomba msamaha. Sasa amemshika mguu."

Mimi nilikuwa nimeshika usukani. Maneno yalikuwa mdomoni. Ni injini yangu imekufa. Hayo tu.

Pasta akainama kwenye dirisha. "Papa, gari iko na shida?"

"Gari yangu?" nikasema. "Gari yangu haina shida yoyote, pasta."

Furaha akapiga magoti kwenye lami. "Baba, unisamehe. Baba, nenda. Baba." Alisema hivyo mpaka sauti ikaisha. Ndipo wanaume wakasema tumsukume mzee, wakasukuma, nikatia gia ya pili, ikashtuka, ikawaka. Moshi ukawafunika wote, na ndani ya ule moshi nikasikia vigelegele. Haleluya! Ameachilia! Amesamehe!

Nikampeleka. Kwenye kila robot, zile taa za njia panda, nilikanyaga mafuta isije ikazima. Rafiki yangu nilimfukia udongo huku gari inanguruma nyuma yangu.

Leo kwenye kikundi cha simu cha kanisa wamama wanaandikiana: mabinti, mwangalieni Furaha, maiti ya baba iligoma kwa sababu yake. Eish. Jina lake sasa ni mahubiri.

Na Furaha mwenyewe amenitumia sauti. Nimeisikiliza mpaka naijua kwa moyo. "Papa, aksanti kwa kumbeba baba. Tangu augue nilikuwa silali. Jana nimelala, Papa. Najua amenisikia."

Nikisema ukweli, jina lake linasafishika na usingizi wake unakwisha. Nikinyamaza, analala, na watu wanamla akiwa amelala. Injini nilijua pa kuanzia. Hapa sijui nikwangue wapi.

Mchana nimekwenda kwenye gari nikafungua boneti, nikaiacha wazi, barabara yote ione. Jirani amepita na mbwa wake, akachungulia. "Baba, imekufa?"

"Imekufa," nikamwambia.

Ndiye mtu wa kwanza nimemwambia, na Byamungu hata hakumjua.

Furaha, mwanangu, nikuache ulale, au nikuamshe?