Chumvi Iliyolala

Elisabethville, asubuhi ya baridi

Mdogo wangu Gabrieli,

"Kiswahili ni lugha ya kuombea chumvi, si ya kuelezea chumvi." Umeniandikia hivyo wewe, mwalimu wa shule ya kwetu Wamaza, tuliyenyonya naye ziwa moja! Nimeisoma sentensi hiyo nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na bado ni uongo. Hata salamu zimenipotea. Haya, hujambo? Mama hajambo na kifua chake? Mvua zimeshika?

Mimi mzima, ila baridi inauma. Leo nyasi za kiwandani zilipauka kwa jalidi, umande ulioganda kwa baridi, nikazitazama kama mtu aliye ndotoni, nikaona chumvi ya Mama imeanikwa bonde zima. Jua likapanda. Weupe ukawa maji, maji yakawa mvuke mwembamba, mvuke ukaenda zake. Kapita, msimamizi wetu wa kazi, akapiga kelele: "Weye Kalenga, unalala?" Nikamjibu: "Hapana, niko mu masomo."

Unakumbuka bondeni kwetu? Mama akichoma matete, akikusanya jivu, akilimwagia maji ndani ya kapu lililotandikwa majani, na matone ya rangi ya kahawia yakidondoka polepole chunguni. Siku moja nilitia chumvi kidogo katika kikombe cha maji. Ikapotea, nikalia: "Mama, chumvi imekufa!" Alicheka mpaka kilemba kikamwanguka.

"Haikufa, mupumbavu wangu. Imelala. Weka mu moto, utaona inaamuka."

"Na matete tuliyochoma, nayo yamelala?"

"Ile imekufa. Jivu hairudi kuwa matete."

Gabrieli, miaka yote hii nimesimama mbele ya tanuru la shaba na maneno hayo mawili, hayajaungua. Shaba ikiyeyuka na kuganda ni shaba ileile, imelala, imeamka. Lakini lile jiwe la kijani linaloingia motoni halitoki tena. Unatoka moshi, yanatoka makapi, inatoka shaba nyekundu. Jiwe limekufa, vingine vimezaliwa. Mawese yaliyoganda alfajiri yamelala. Pombe iliyochacha imekufa, na wewe umehudhuria matanga yake mara nyingi. Kisu kilichopinda utakinyoosha. Kilichogeuka kutu, kizike.

Usiseme nakichukia Kifaransa. Nakisoma kila jioni, na vitabu vyake vimenifundisha mambo ambayo Mama hakuyajua: yeye alidhani moto ndio unaozaa chumvi, kumbe ilikuwamo ndani ya matete tangu mwanzo. Mfundishe mtoto na neno la Kifaransa, vizuri sana. Lakini litie juu ya kitu alichokwisha kukiona. Neno lisilokalia kitu ni kifuniko bila chungu.

Sasa nije kwenye kinachonichoma. Umeniandikia, tena kwa kujisifu, kwamba ulimuuliza Feza, mtoto wa dada yetu, chumvi inakwenda wapi ndani ya maji. Akasema: "Imelala, mjomba." Darasa likacheka, ukamtoa nje mpaka ajue kulisema kwa Kifaransa. Tangu siku hiyo hajarudi. Anashinda shambani na jembe. Ulimwadhibu kwa jibu lililo sahihi! Hukumcheka yeye, ulimcheka mwanamke aliyekulisha.

Nakuwaza usiku nikisikia tanuru likinguruma, na katika usingizi naliona darasa lako: watoto wanaimba maneno kwa sauti nzuri, na hakuna hata mmoja anayeona maji.

Msalimie Mama, mshikie mikono yake kwa niaba yangu. Yaya Mwamini, dada yetu, mama yake Feza, mwambie sijamsahau. Mkeo pia, na baba mkwe wako mvuvi wa mtoni.

Nanyi walimu wenzake mtakaosomewa barua hii, msimwache apumue mpaka atekeleze haya ninayomwagiza. Gabrieli, usinijibu kwa karatasi. Nenda shambani kwa Yaya Mwamini, mwambie Feza mbele ya mama yake: "Ulisema kweli." Mrudishe, mkalishe mbele, mpe chungu, chumvi na moto, na wewe ukae kwenye benchi lake utazame. Kuona haya si kufa, mdogo wangu. Utaamka.

Kaka yako,
Kalenga