Kicheko Kilichohesabiwa Usingizi

Baba,

Ripoti ya kampuni kuhusu ajali yako imetoka. Ina mstari mmoja: dereva aliziba king'ora kwa kitambaa, akasinzia. Uzembe. Miaka ishirini na sita kwenye usukani, wamekumaliza kwa neno moja.

Kitambaa ninacho. Ni kile cha kufuta kioo, ulikifunga kwa waya mara tatu. Sikukasirika. Nilijua kwa nini.

Kile kifaa nilikiunda hapa mtaani Kimbo, kwenye meza yangu ya kutengeneza simu. Kamera inatazama macho ya dereva. Yakifumbwa zaidi ya sekunde moja, kinalia. Nilikipima kwa macho yangu. Lakini macho haya nilirithi kwa mama, makubwa, hayafumbiki nikicheka. Yako, ukicheka, yalikuwa yanapotea kabisa, na redio ilikuchekesha kutoka Thika hadi Mombasa. Ulipoegesha ukanipigia: "Mama, hii kitu yako haitaki nicheke." Uliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako. Nami nikakujibu kwa haraka, vumilia, nitarekebisha Jumapili.

Jumapili tulikuwa mochari.

Kadi ya kumbukumbu ilipona. Nimeitazama yote. Siku nne, kililia mara 214. Mara 205 ulikuwa unacheka tu. Tisa ndizo zilizokuwa usingizi, na zote tisa zilikuja ukiwa umeendesha zaidi ya saa kumi na moja. Ya mwisho ilikuwa mchana, ukitoka kula. Kililia ndani ya kitambaa.

Nilipeleka hesabu hiyo ofisini Thika. Meneja akaniambia kazi ya kifaa ni kuamsha dereva, si kuhesabu saa za kampuni. Nikaandika ukurasa wangu: kosa la kwanza ni la fundi, kifaa kilipiga kelele bure mara 205. La pili ni la aliyekupangia safari. Lako sikuliona. Alikataa kuupokea, kwa hivyo nimewagawia wenzako, kila dereva nakala yake.

Jana Otieno, yule rafiki yako wa yadi ya magari, alikalia kiti nikamfungia kifaa kipya. Hiki kinajifunza kwanza macho ya mtu akicheka. Nikamsimulia ile ya wewe na mbuzi wa Makutano. Alicheka mpaka akashika tumbo. Kifaa kikanyamaza. Mimi ndiye niliyelia.

Nakuahidi, Baba, hakuna dereva atakayefunga kitambaa juu ya kazi yangu tena. Na lile neno, uzembe, nitarudi nalo ofisini mpaka walifute.

Lala sasa. Hakuna kitakacholia.

Ni mimi, mama yako,
Njoki