Kumi na Tatu Kila Gunia

Jumatatu, 4 Agosti

Ofisini Busia saa mbili. Mtandao unajikongoja. Nimebadilisha rangi ya kitufe mara tatu, kisha nikarudisha ile ya kwanza. Baada ya chai nimefungua taarifa za programu yangu ya mahindi, ile niliyowaandikia akina mama wa chama cha Sikuda, ng'ambo ya mpaka. Kila mama anapima unyevu wa gunia lake kwa kipimo cha mkononi, anaandika nambari kwenye simu, gunia linapata nafasi kwenye lori la kuja kiwandani huku Kenya. Kiwanda kinataka asilimia kumi na tatu kushuka chini. Magunia yote yamejaziwa nambari, hakuna hata moja lililorukwa! Nimemwita Owor, bosi wangu. Amesema ukurasa huo uende kwa wafadhili leo leo. Nimejisikia mtu.

Jumanne, 5 Agosti

Lori limerudishwa. Mahindi hayajakauka. Kiwandani wamepima wenyewe getini, wakakuta kumi na tano, kumi na sita, gunia moja kumi na nane. Hili ni lori la pili msimu huu. Likirudi la tatu watanunua kwingine, wamesema wazi. Akina mama hawana mnunuzi mwingine wa kuchukua lori zima.

Mwenyekiti wao, Mama Auma, amenipigia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Owor anasema kipimo ni kibovu. Mimi pia nimesema kipimo ni kibovu. Kipimo hakina mdomo wa kujitetea.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekichukua kipimo chao, nikakipeleka Tororo kwa mfanyabiashara wa nafaka, tukakilinganisha na chake. Sawasawa. Kizima kabisa.

Nimerudi kwenye taarifa, safari hii nikiangalia kweli. Kumi na tatu. Kumi na tatu. Kumi na tatu. Lori zima! Hakuna hata kumi na mbili moja ya kusingizia. Mahindi ya nyumba ishirini yamekauka sawa lini? Juzi nilikuwa naangalia ukurasa huohuo nikijipongeza. Aibu tupu. Halafu aibu imepoa, nimebaki na swali moja linanikuna: kwa nini?

Owor anataka niongeze picha. Kila gunia lipigwe picha pamoja na kipimo, tuwakamate. Nimemwomba siku mbili kwanza. Amenuna. Kesho nakwenda Sikuda, nitalala kwa shangazi Taaka. Naye yumo chamani.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimevuka asubuhi na boda. Kompyuta imebaki ndani ya begi, makusudi. Huku wanapukuchua mahindi kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Leo ilikuwa zamu ya shangazi. Nimepukuchua nao mpaka vidole vikachubuka. Wamenicheka wee! Eti mikono ya kompyuta haijui kazi.

Mchana Mama Auma akampimia shangazi gunia lake. Nilikuwa nimesimama pale pale. Kumi na tano. Akachukua simu, akaandika kumi na tatu. Mbele yangu, bila kujificha! Nikamuuliza. Alishangaa kuliko mimi.

"Si wewe ulitengeneza? Ukiweka kumi na tano inaleta nyekundu, inakataa kwenda mbele. Ukiweka kumi na tatu, inaenda."

Mstari huo wa programu niliuandika mimi, kwa mkono wangu, nikauita ulinzi. Wao walidhani ndivyo fomu inavyotaka kujazwa. Mjinga ni mimi. Wakaleta uji wa mtama, nikanywa vikombe viwili.

Ijumaa, 8 Agosti

Kuondoa nyekundu ni kazi ya dakika kumi. Lakini ikiondoka, wataandika ukweli? Sijafungua kompyuta. Nimewauliza mmoja mmoja wakiwa wanaanika. Jibu ni lile lile. Anayekosa lori anarudishwa mwisho wa foleni, anasubiri wiki tatu, na mahindi ndani ya nyumba yanaliwa na dumuzi.

Foleni hiyo nani aliipanga? Mimi tena! Zamani, anasema Mama Auma, mwenye mahindi yasiyokauka aliachwa nyuma, na lori lililofuata alipakia yeye wa kwanza. Hakuna aliyegombana. Sikuwahi kuuliza. Niliwauliza wanapenda rangi gani.

Saa tisa nimekaa kibarazani nikaandika. Nimefuta kurasa tisa, umebaki mmoja. Andika nambari yoyote. Ikizidi kumi na tatu unajibiwa: anika tena, lori lijalo unapakia wa kwanza. Basi.

Jumatatu, 11 Agosti

Owor amewaka. Kurasa tisa zimekwenda wapi? Wafadhili wataonyeshwa nini? Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni akauliza swali la maana: nitajuaje kwamba safari hii watasema kweli? Nimemjibu sijui. Nikikosea, soko lao nimelizika mimi.

Jumatano, 13 Agosti

Sikuda, siku ya kupakia. Owor amekuja na viatu vyake vya ofisini. Nambari zikaanza kuingia: kumi na mbili, kumi na nne, kumi na tatu, kumi na saba. Kumi na saba! Nilitaka kumkumbatia yule mama.

Shangazi akafika na magunia yake manne. Kumi na nne. Imezidi kwa moja tu! Akaniangalia mimi, wala si Mama Auma. Nilijua akiniomba nitakubali, na nilijichukia kwa kujua hivyo. Hakuomba. Akaandika kumi na nne, akasoma jibu polepole.

"Nafasi yangu iko kweli?"

Iko, shangazi.

"Haya."

Akayavuta magunia yake pembeni. Lori likaondoka likiwa nusu.

Alhamisi, 14 Agosti

Limepokelewa. Lote! Mama Auma amepiga simu, vigelegele nyuma yake, sikusikia nusu ya alichosema. Kiwanda kimeomba lingine wiki ijayo. Owor ameniomba nimweleze tena habari ya foleni, taratibu. Ameandika kila kitu.

Jumamosi, 16 Agosti

Kwa shangazi. Tumegeuza mahindi juani kwa miguu, mimi upande huu, yeye ule. Lori hatukulitaja. Alasiri wingu likapanda upande wa Tororo, tukakunja turubai mbio, mvua yenyewe haikuja. Tukaanika tena.

Baadaye akapima mwenyewe, nikiwa naosha miguu nyuma ya nyumba. Simu yangu ikalia, taarifa imeingia. Taaka, magunia manne, kumi na mbili na nusu. Sikwenda kuhakikisha. Nikamaliza kuosha miguu, nikaingia kumsaidia kumenya mihogo.